OMAHA: MJI WA BIBI B. NA DUKA LAKE LA SAMANI

Katikati ya nchi ya Marekani, mahali ambapo ardhi imelala tambarare na mashamba ya mahindi yanafuatana mpaka upeo wa macho, hupita mto mkubwa uitwao Missouri. Ng'ambo ya mashariki ni jimbo la Iowa, ng'ambo ya magharibi ni jimbo la Nebraska, na ukingoni hapo, upande wa Nebraska, ndipo ulipo mji wa Omaha. Mji huu ulianzishwa mwaka 1854. Utajiri wake wa kwanza ulitokana na reli na ng'ombe. Mwaka 1865 reli ya Union Pacific ilianza kutandazwa kutoka hapo kuelekea magharibi, na hata leo kampuni hiyo ina makao yake makuu mjini humo. Zizi kuu la mnada wa mifugo, ambalo kwa zaidi ya karne moja lilipokea ng'ombe, nguruwe na kondoo kutoka pande zote, lilifungwa mwaka 1999.

Msafiri afikaye Omaha wakati wa baridi hukuta theluji imefunika mapaa, na upepo wa tambarare unakata kama wembe. Afikaye wakati wa joto hukuta jua kali, na katika miezi ya masika yao hukuta wenyeji wakitazama mawingu kwa wasiwasi, kwa sababu ya tufani za mzunguko zinazoshuka kutoka mbinguni kama mkonga wa tembo na kuzoa kila zinachokigusa.

Askari nao wana sehemu yao katika historia ya mji huo. Kusini yake, huko Bellevue, ipo kambi ya jeshi la anga iitwayo Offutt, ambayo kuanzia mwaka 1948 hadi 1992 ilikuwa makao makuu ya kikosi cha ndege za masafa marefu za Marekani. Kila mwenye kuvaa sare anajua maana ya kuhamishwa: leo mke na watoto wapo hapa, kesho wapo kule, na kila wahamiapo hutafuta kitanda, meza, jiko na mahali pa kuhifadhi chakula. Mji wenye kambi daima una haja ya duka la samani.

DUKA LENYEWE

Katika mtaa wa 72, barabara kubwa ipitayo kutoka kaskazini hadi kusini ya mji, lipo duka liitwalo Nebraska Furniture Mart. Kulita duka ni kulipunguzia heshima, maana majengo yake na viwanja vyake vya magari vimeenea katika ekari zaidi ya 70. Mwaka 1983 sehemu yake ya kuuzia peke yake ilikuwa futi za mraba 200,000, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa chini ya paa, na mauzo yake ya mwaka yalizidi dola milioni 100. Humo mna makochi, vitanda, makabati na meza za kila namna. Mna majokofu, au friji kama wengi wasemavyo, majiko, mashine za kufulia nguo na televisheni. Na mna mazulia yaliyokunjwa na kusimamishwa wima kama magogo ya mninga katika ua wa mpasua mbao.

Kwa miaka mingi mgeni aliyeingia katika sehemu ya mazulia alikutana na jambo ambalo hakulitazamia. Mwanamke mzee, mfupi, nywele zimefungwa nyuma, alikuwa akipita kati ya mazulia hayo juu ya kigari cha umeme chenye magurudumu matatu, akiuliza wateja wanataka nini, akiwaelekeza vijana wa kazi, akikemea, akipiga hesabu. Jina lake lilikuwa Rose Blumkin, lakini mji mzima ulimwita Bibi B. Yeye ndiye aliyelianzisha duka hilo, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wake katika maana kamili ya neno hilo.

MSIMAMIZI WA MIAKA KUMI NA SITA

Bibi B. alizaliwa tarehe 3 Desemba, 1893 katika kijiji kilicho karibu na Minsk, katika nchi iitwayo leo Belarus, iliyokuwa wakati huo chini ya mfalme wa Urusi. Walizaliwa watoto wanane. Baba yao alikuwa mwalimu wa dini ya Kiyahudi, na mama yao alilisha nyumba kwa kiduka kidogo cha vyakula. Rose hakupata kukanyaga shule hata siku moja. Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliondoka nyumbani kwa miguu kwenda kituo cha gari moshi, viatu akiwa amevishika mkononi ili soli zisiishe, akaenda mjini kutafuta kazi katika duka la nguo. Alipotimiza miaka 16 alikuwa amekwisha kuwa msimamizi, na chini yake walikuwa wanaume sita, wote wenye wake.

Hebu msomaji alipime jambo hili. Msichana asiye na cheti, asiye na baba wala kaka wa kumtetea mjini humo, aliwaamuru watu waliomzidi umri, nao wakamtii. Hakuwa na fimbo wala cheo. Alikuwa na jambo moja tu: aliijua kazi kuliko wao. Alijua kila jora lilinunuliwa kwa bei gani, limebaki yadi ngapi na mteja gani atalitaka. Wazee wetu walitofautisha msimamizi na mnyapara. Mnyapara huogopwa akiwapo na husahauliwa akipa kisogo. Msimamizi hufuatwa kwa sababu anajua.

Mwaka 1917, wakati vita vikuu vya kwanza vikiendelea, alipanda gari moshi lipitalo Siberia ili kumfuata mumewe, Isadore, aliyekuwa amemtangulia Marekani. Hakuwa na pasipoti. Alipofika mpaka wa China alimkuta askari wa zamu. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwambia askari huyo kwamba anakwenda kununua ngozi kwa ajili ya jeshi, na kwamba akirudi atamletea chupa ya kinywaji. Askari akampisha. Chupa hiyo hakuipata kamwe! Walinzi wa mipaka wasomao habari hii watajua wenyewe wacheke au wakunje uso.

DOLA MIA TANO NA CHUMBA CHA CHINI

Baada ya kupita China na Japani alivuka bahari mpaka Marekani, na hatimaye yeye na mumewe wakafanya maskani Omaha, ambako mume alikuwa na duka dogo la nguo na vitu vilivyokwisha kutumika. Bibi B. alilea watoto wanne kwanza. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 43, alipata dola 500 za mkopo kutoka kwa ndugu yake, akafungua duka la samani katika chumba cha chini ya nyumba, mtaa wa Farnam.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Wakati mmoja wenye viwanda walipodai fedha zao naye hana, aliuza samani na vyombo vya umeme vya nyumbani kwake mwenyewe ili alipe deni. Watoto wakarudi wakakuta nyumba tupu. Wako watakaosema huo ulikuwa ukali uliopita kiasi kwa mama mwenye watoto, na pengine wana haki. Lakini waliomwamini kwa mali yao walijua tangu siku ile kwamba neno lake ni neno.

Wenye maduka makubwa walipoona anauza kwa bei ya chini, waliwashawishi wenye viwanda wasimuuzie. Bibi B. akapanda gari moshi, akaenda miji mingine kununua kwa wafanyabiashara wengine na kurudi na mali. Kiwanda kimoja cha mazulia kilimshitaki mahakamani kwa sababu zulia ambalo wengine waliliuza dola 7 na senti 95 kwa yadi, yeye aliliuza dola 3 na senti 95. Alisimama mbele ya hakimu, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akaeleza kwamba yeye huongeza asilimia 10 tu juu ya gharama na kwamba hawezi kuwaibia wateja wake. Hakimu alimwachilia; na kesho yake, hakimu huyo huyo alikwenda dukani akanunua zulia la dola 1,400.

Mwaka 1950, wakati wa vita vya Korea, biashara ililala na madeni yakamwelemea. Mtu wa benki alimkopesha dola 50,000 kwa siku 90. Bibi B. alikodi ukumbi mkubwa wa mji, akaujaza samani, na kwa muda wa siku tatu akauza mali ya dola 250,000. Akalipa deni, na tangu hapo akaapa kutokopa tena.

KAZI YA MSIMAMIZI

Mtu wa nje huona kwamba kusimamia duka la samani ni kutembea kati ya makochi mikono ikiwa nyuma. Kazi yenyewe si hiyo. Kabla mlango haujafunguliwa, msimamizi lazima ajue mali iliyoingia usiku na iliyotoka jana. Kila kiti kilichopo ukumbini lazima kiwe na karatasi ya bei, na bei hiyo ilingane na iliyoandikwa daftarini. Kabati lililokwaruzwa liondolewe, au liuzwe kwa bei ya chini na mnunuzi aonyeshwe mkwaruzo. Lori lipakiwe kwa utaratibu, kitakachoshushwa mwisho kipakiwe kwanza. Mteja aliyepelekewa meza yenye miguu mitatu asikilizwe kabla hajapandisha sauti. Mwenye stoo wa kikosi chochote atatambua kwamba hii ndiyo kazi yake mwenyewe, isipokuwa huyu hana bunduki za kuhesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Bibi B. aliongeza jambo lake katika kazi hiyo: kichwa chake kilikuwa mashine ya hesabu. Mteja akisema chumba chake ni futi 12 kwa 14, yeye alijua papo hapo kwamba hizo ni futi za mraba 168, yaani karibu yadi 19 za zulia, akataja bei yake na kodi yake kabla karani hajapata kalamu. Alifanya kazi siku saba za juma. Nyumbani kwake, watu waliotembelea walisimulia, samani nyingi zilikuwa bado na karatasi za bei zikining'inia. Kanuni yake aliirudia kwa kila aliyeuliza: uza kwa bei nafuu, sema kweli, usimpunje mtu, wala usipokee mlungula.

Hata hivyo hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali, na mfanyakazi aliyezembea aliweza kufukuzwa asubuhi mbele ya wenziwe. Dawa ya ukali huo ilikuwa mwanawe, Louis, ambaye alipigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili na kurudi nyumbani kumsaidia mama yake. Louis alikuwa mpole. Ilijulikana dukani kwamba mama akifukuza mtu, mwana humrudisha kazini kimyakimya. Basi duka lilisimama kwa miguu miwili: jicho lisilosinzia na mkono usioumiza. Mguu mmoja ungekatika, duka lingechechemea.

MOTO NA TUFANI

Moto uliwahi kuunguza sehemu kubwa ya duka la zamani. Baada ya moto kuzimwa, Bibi B. aliwapa wazima moto televisheni za bure, na mali iliyookolewa akaiuza kwa bei ya chini. Kisha, tarehe 6 Mei, 1975, tufani ya mzunguko ilipita katikati ya Omaha, ikaua watu watatu na kuharibu nyumba nyingi mno. Duka la mtaa wa 72 lilikuwa katika njia yake, likaharibiwa vibaya. Mali iliyosalia ikahamishiwa katika duka la zamani, wateja wakafuata huko, na jengo likajengwa upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwaka 1983 tajiri wa mji huo huo, Warren Buffett, alilinunua kwa kampuni yake sehemu kubwa ya duka hilo kwa dola milioni 55 hivi. Hakuhesabu mali iliyokuwamo ghalani, wala hakumwita mkaguzi. Walishikana mikono, na mkataba wao ulikuwa karatasi chache tu. Mwanamke aliyeanza na dola 500 aliaminiwa kwa neno lake tupu, maana kwa muda wa miaka 46 watu walikuwa wamelipima neno hilo na hawakuliona limepungua. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha New York kilimpa shahada ya heshima, yeye asiyepata kukaa darasani.

FUNGUO ZA DUKA

Sasa imefika sehemu ya habari hii ambayo wapendao sifa tupu huiruka, nayo ndiyo yenye mafunzo zaidi.

Baada ya kuuza, Bibi B. aliendelea kusimamia mazulia. Lakini wajukuu zake wawili walikuwa wamekua, wamejifunza kazi, na wakaanza kutoa amri katika sehemu hiyo bila kumwuliza. Mwezi Mei, 1989, akiwa na umri wa miaka 95, Bibi B. aliondoka kwa hasira. Hakwenda kuota jua. Kabla mwaka haujakwisha alikuwa amefungua duka lake jipya la samani na mazulia ng'ambo ya barabara, mkabala na lile la kwanza, akaanza kushindana na damu yake mwenyewe. Mji ulishangaa. Wateja waliopenda bei zake walimfuata. Waliompenda Louis walibaki. Na wapo waliovuka barabara mara mbili wakilinganisha bei.

Ni nani aliyekuwa na haki? Wajukuu walikuwa na haki ya kupewa kazi waliyofundishwa, maana kijana asiyeaminiwa kushika funguo hawezi kujifunza kufungua mlango. Bibi naye alikuwa na haki ya kuheshimiwa katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Kosa halikuwa katika kutaka. Lilikuwa katika kutoelezana. Hakuna aliyekaa na mzee mapema, kwa adabu, kukubaliana lini atapumzika, atabaki na kazi gani, na nani ataamua jambo gani. Askari wanafanya hivi kila siku: hakuna zamu inayoisha bila makabidhiano. Anayetoka huonyesha mali, anayeingia huihesabu, kitabu hutiwa sahihi. Familia ya Bibi B. ilijua kuhesabu kila zulia, lakini zamu ya usimamizi haikukabidhiwa.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mwaka 1992 walipatana. Kampuni ya Buffett ililinunua duka lake jipya pia, na safari hii Bibi B. alitia sahihi ahadi ya kutoshindana nao tena. Alirudi kwenye kigari chake kati ya mazulia, na aliendelea na kazi mpaka umri wa miaka 103. Alifariki tarehe 9 Agosti, 1998, akiwa na miaka 104. Louis naye alifariki mwaka 2013. Duka limezaa mengine, moja huko Kansas City lililofunguliwa mwaka 2003 na jingine kubwa zaidi katika jimbo la Texas mwaka 2015. Mjini Omaha kwenyewe, jumba la michezo ya kuigiza ya watoto lina jina lake, Rose, baada ya yeye kutoa fedha kulinunua lisibomolewe.

KWA WANUNUZI WA NYUMBANI

Mama au baba wa nyumba anayetaka kununua chombo kikubwa anaweza kuyatumia macho ya Bibi B. hata kama duka la mtaani kwake lina makochi mawili tu.

Kwanza, pima chumba na pima mlango kabla ya kwenda dukani. Kabati lisilopita mlangoni ni mali ya uani. Pili, geuza kiti na utazame chini yake, maana fundi mvivu hupamba juu na kusahau maungio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tatu, usichukue jokofu bila kuliona likifanya kazi, na kama lilisafirishwa limelazwa, liache limesimama kwa saa kadhaa kabla ya kulitia umeme, ili mafuta ya mashine yarudi mahali pake. Nne, dai stakabadhi yenye jina la chombo, bei na tarehe, na uitunze pamoja na karatasi nyingine za nyumba. Tano, msimamizi wa duka akikuonyesha mwenyewe kasoro ya chombo kabla hujaiona, mkumbuke na urudi kwake siku nyingine.

Na kwa wale ambao ni wasimamizi, iwe ni wa duka, bohari, kantini au kituo, Omaha inawaachia maswali mawili. Je, wewe unaijua mali unayoisimamia kuliko wale unaowaamuru? Na je, kijana atakayepokea funguo baada yako umekwisha kumfundisha, na mmekwisha kukubaliana siku ya makabidhiano? Bibi B. alilijibu swali la kwanza akiwa na miaka 16. Swali la pili lilimchukua mpaka karibu na miaka 99.